Breka Inashuka Saa Ngapi? Maswali Yenu kwa Fundi Umeme

Tangu masika yaanze meseji zenu karibu zote zinalia kitu kimoja, breka inashuka, breka haikai, breka imenichosha. Nimechagua nne ambazo naona zitawasaidia na wengine. Mi nikisoma meseji ya hivi kitu cha kwanza natafuta ni inashuka SAA NGAPI, yaani ukipandisha tu hapo hapo, au baada ya dakika kadhaa, au inakuja kushuka yenyewe usiku watu wamelala. Wengi mnaniandikia aina ya breka na bei mliyonunulia ila hilo hamlisemi, na hilo ndo nusu ya jibu.

Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata nyumba ya kupanga. Kwenye mein swichi kuna ile breka pana yenye kitufe kidogo, hiyo ndo inayoshuka na nyumba nzima inakuwa giza. Mara nyingi ni tukiwasha heta ya maji ya bafuni, inapita kama dakika kumi hivi ndo inakata. Ila kuna siku inakata saa tisa usiku na heta hatujawasha. Fundi wa mtaani ameshabadilisha mara mbili, ya tatu kaniambia hiyo breka ya kitufe ndo mkorofi, tuitoe tuunge moja kwa moja. Baba mwenye nyumba kakubali, mimi roho inasita. Naomba ushauri. — Mama watatu, Tabata

Marahaba mama, na pole sana, na roho yako isikilize hiyo hiyo. USIKUBALI kuitoa. Naomba hili nilisemee kwa urefu kidogo kwa sababu kila mwezi nakutana na nyumba iliyofanyiwa hivyo.

Hiyo yenye kitufe kilichoandikwa T inaitwa RCD na kazi yake ni tofauti kabisa na zile breka ndogo nyembamba zilizopangwa pembeni yake. Zile ndogo zinaangalia umeme umekuwa mwingi kupita uwezo wa waya. Hii pana yenyewe inahesabu umeme unaotoka kwenda ndani kwa laivu na umeme unaorudi kwa niutro, vinatakiwa viwe sawa sawa, kilichoenda ndo kirudi. Ikiona kuna kidogo hakijarudi maana yake kimepita njia nyingine, kimeingia ardhini kupitia bomba, ukuta mbichi, au mtu. Za majumbani nyingi zimeandikwa 30mA, ukiisogelea utaona, ni kiasi kidogo mno, ampea moja ni miliampea (ndo hiyo mA) elfu moja sasa hiyo ni thelathini tu. Imewekwa hapo kwa sababu umeme ukizidi hapo kwenye mwili wa binadamu na ukakaa, moyo unaweza kupoteza mapigo. Sasa ukiitoa tatizo linabaki pale pale bafuni, ila wa kulishtukia hayupo tena, atakuja kulishtukia mtoto amelowa maji yuko peku.

Kwa hiyo ikibadilishwa mara mbili na bado inakata, jua RCD ni nzima na inakwambia ukweli.

Haya, twende kwenye heta. Umesema dakika kumi, na mimi nakisia (utanirekebisha) hapo Tabata mnatumia maji ya kisima na yana chumvi chumvi. Ndani ya heta kuna elementi, lile bomba la chuma lililokunjwa kama pini ya nywele. Katikati yake unapita waya mwembamba unaopata moto, na kati ya huo waya na bomba kumeshindiliwa unga mweupe unaozuia umeme usiguse chuma lakini unapitisha joto. Chumvi inakula lile bomba polepole. Mwaka jana nilifungua moja Kinyerezi, mama wa pale alikuwa analalamika hivi hivi kama wewe, nikaitoa elementi imevaa ganda la chokaa nene kama ganda la yai, nikaligonga na bisibisi likabanduka, na chini yake pale kwenye kona nikaona ufa mwembamba kama unywele, pembeni yake kumetokeza ule unga mweupe umeloa kama unga wa ngano uliodondokewa na maji. Yaani hiyo ndo njia umeme ulikuwa unapita kuingia kwenye maji. Elementi ikiwa ya baridi ule ufa umebana na umeme unaovuja ni mdogo, RCD inavumilia, ikipata moto bomba linatanuka, ufa unafunguka, kinachovuja kinazidi, inakata. Ndo hizo dakika zako kumi.

Cha kufanya leo, zima heta kwenye ile swichi yake kubwa ya ukutani yenye taa nyekundu, hiyo huwa inakata nyaya zote mbili kwa pamoja kwa hiyo inaitenga kabisa. Chemsheni maji jikoni siku mbili tatu. Kama mchana RCD inatulia, umempata, na dawa ni kubadilisha elementi, siyo kuipaka gundi wala kuikausha juani. Na fundi akishafungua hapo mwambie aangalie na ile fimbo inayokaa karibu na elementi, kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya tangi, ikiisha haina tena wa kulinda, wengi wanabadilisha elementi wanaiacha fimbo imebaki kijiti halafu baada ya miezi wanarudi kulia.

Sasa ile ya saa tisa usiku. Hiyo mimi naihesabu kama mgonjwa wa pili, usimchanganye na heta. Usiku wa manane kinachofanya kazi ni friji, na kama friji lenu ni zile zisizogandisha barafu, ndani kwa nyuma kuna kiheta kidogo kinachojiwasha chenyewe kila baada ya masaa kadhaa kuyeyusha barafu, hakikuulizi wewe umelala au uko macho. Kikishaingiwa na unyevu kinaikatisha RCD halafu ukienda kupandisha inakaa vizuri, masaa yanapita, inarudia, mtu anaanza kusema nyumba ina mambo yake. Jaribu hivi, usiku mmoja CHOMOA plagi ya friji kabisa (hamishia vyakula kwa jirani) na heta iwe imezimwa. Nasema chomoa, siyo kuzima swichi ya soketi, kwa sababu swichi ya soketi nyingi inakata laivu peke yake, niutro inabaki imeunganika na umeme bado unaweza kuvujia huko. Usiku ukipita salama na friji likiwa limechomolewa, basi ita fundi wa mafriji. Likichomolewa na bado inakata, chomoa kila kitu nyumba nzima, hadi chaja za simu na king'amuzi, kisha rudisha kimoja kimoja na kila kimoja kipe muda wake.

Na mwambie baba mwenye nyumba jambo moja la heshima tu, kwamba aangalie kama waya wa ethi uliokwenda kwenye fimbo iliyochimbiwa nje bado umeshikilia. Nyumba nyingi za kupanga ule waya umekatwa na jembe, au umeibiwa maana ni shaba. Ethi isipokuwepo umeme unaovuja hauna pa kwenda, unakaa pale kwenye bomba unasubiri atakayegusa. RCD itakata, ndiyo, lakini baada ya mtu kuguswa kwanza.

Fundi habari za kazi. Mimi nipo Morogoro nyumba yangu mwenyewe. Mwezi uliopita tulibadilisha soketi za sebuleni tukaweka zile zenye sehemu ya kuchajia simu, alifunga mdogo wangu. Kuanzia hapo RCD inashuka. Ajabu ni kwamba nimezima breka ndogo ZOTE na bado inashuka, inakaa dakika moja mbili inashuka. Si ina maana RCD yenyewe imekufa? — Mwenye nyumba, Morogoro

Salama kaka, na nakushukuru umesema na kilichofanyika kabla, maana jibu umelituma mwenyewe ndani ya swali.

Watu wengi wanaamini ukizima breka ndogo umeshakata kila kitu cha chumba kile. Hapana. Breka ndogo nyingi za majumbani zinakata waya mmoja tu, laivu. Zile nyaya za niutro za vyumba vyote zimekusanyika kwenye kipande kimoja cha shaba ndani ya mein swichi na hapo hazina swichi, ziko zimeungana muda wote. Kwa hiyo kama sehemu fulani niutro imegusana na ethi, kuzima breka ndogo hakusaidii kitu. Na usiseme mbona kwangu hakuna kinachowaka, jirani zako wako kwenye laini hiyo hiyo ya mtaani, wakipika na kupiga pasi niutro inabeba kidogo na hicho kidogo kinapata njia ya mkato kupitia ethi ya kwako. RCD inaona hesabu haijakaa, inakata. Ndo maana saa nyingine inakaa dakika mbili saa nyingine haikai kabisa, inategemea wenzio wanatumia nini wakati huo.

Mimi ningeanza na soketi za sebuleni moja kwa moja. Boksi la ndani ya ukuta ni la chuma na limeungwa ethi, na hizi soketi za kuchajia simu ni nene kwa nyuma, nafasi inayobaki ya kukunjia nyaya ni finyu. Mtu akiwa anasukuma soketi irudi ukutani anakaza tu zile skrubu mbili, waya mweusi (au wa bluu kama nyumba ni mpya) unabanwa katikati ya soketi na mdomo wa boksi, au skrubu yenyewe inautoboa inavyopita. Kwa nje soketi imekaa imenyooka vizuri, inawaka vizuri, simu inachaji. Ukiifungua utaona kwenye waya kaalama kadogo, plastiki imechubuka kiasi cha punje ya mchele na shaba inang'aa. Basi ni hapo.

Lakini usiifungue wewe wala mdogo wako, na namuheshimu amejitahidi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, kumuuliza leseni siyo kumdharau, aje na mega. Mega ni kile kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya zikiwa zimezimwa na kutenganishwa, kinapima kama plastiki yake bado inazuia. Azime swichi kubwa, achomoe niutro moja moja kutoka kwenye kile kipande cha shaba na kuipima na ethi, nzima inatakiwa isome megaomu moja kwenda juu, na nyumba isiyo na shida inasoma juu zaidi ya hapo mbali tu. Ile itakayosoma karibu na sifuri ndo ya kuifuata mpaka kwenye soketi yake. Na mwambie mapema kwamba umefunga soketi za kuchajia simu, ndani zina vifaa vya kielektroniki, azitoe kwenye waya kabla ya kusukuma hizo volti 500 la sivyo ataziua.

RCD yako kupima ni rahisi, umeme ukiwepo bonyeza kile kitufe cha T, ikishuka papo hapo jua kifaa kinafanya kazi. Fanyeni hivyo wote mnaosoma, kila baada ya miezi mitatu hivi. Isiposhuka hiyo ndo imekufa kweli. Ila kitufe kinapima RCD tu, hakikwambii kama ethi yako ipo au haipo.

Niaje fundi, mimi nina saluni ndogo Mbeya, chumba kimoja, wateja wanawake. Breka ya soketi ni 20. Asubuhi inapiga kazi fresh tu ila mchana nikiwa na wateja inashuka baada ya dakika kama 20, nikipandisha hapo hapo inashuka haraka zaidi, nikisubiri kidogo inakaa. Fundi anasema tuweke ya 32 yaishe. Vifaa nilivyonavyo ni draya ya mkono wati 2000, draya ya kukalia 1000, stima 800 na birika la maji ya kuoshea 2000. — Dada wa saluni, Mbeya

Safi dada, na asante kwa kuandika wati, watu wangeniandikia hivi kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Jumlisha vyote vikiwaka pamoja, ni wati 5,800. Umeme wetu ni volti 230, gawanya, unapata ampea 25 na kidogo. Breka ya 20. Sasa kwa nini haikati saa ile ile? Ndani ya breka kuna kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, umeme ukizidi kidogo kinapata joto na kujikunja taratibu mpaka kinaachia kitanzi. Ukizidi kidogo kinachukua muda mrefu, ukizidi sana kinachukua muda mfupi. Ampea 25 kwenye breka ya 20 inaweza kuvumilia dakika nyingi tu kabla haijaachia. Na ukipandisha hapo hapo kile kipande bado cha moto, ndo maana inawahi kushuka. Umeeleza vizuri mpaka mtu ambaye hajafika hapo anajua ni mzigo umezidi, siyo shoti.

Ya asubuhi na mchana ni wateja zaidi, lakini pia nenda kaguse ukuta uliobeba mein swichi mchana, kama jua linaupiga au draya ya kukalia iko chini yake inapuliza moto juu, breka nayo inaanza siku ikiwa tayari na joto. Zinapimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 30, likizidi hapo inashuka kabla ya namba yake.

Kuhusu 32, swali siyo breka, swali ni WAYA uliomo ukutani. Namba ya breka inachaguliwa kwa unene wa waya. Kama huyo fundi alivuta waya wa milimita 2.5 mmoja kutoka mein swichi hadi soketi ya mwisho bila kuurudisha tena mein swichi kama duara, 20 ndo saizi yake. Ukimwekea 32 breka itatulia kweli, utafurahi wiki mbili, na ndani ya ukuta waya utakuwa unabeba ampea 25 kila siku mchana kutwa, plastiki yake inaanza kulainika na kukauka, hasa kwenye maungio. Nimeshafungua soketi ya saluni iliyofanyiwa hivyo, soketi kwa mbele ilikuwa na kivuli tu cha kahawia kuzunguka matundu, kwa nyuma waya umekuwa mgumu kama kijiti cha kuchokolea meno, ukiukunja unavunjika, na harufu ile ya samaki ambayo mwenye saluni alidhani ni dawa za nywele. Ukisikia hiyo harufu kwako funga umeme kwanza, mteja atasubiri.

Njia ya halali ni kuvuta laini ya pili, waya wake na breka yake, birika na draya ya mkono vikae huko. Ni gharama ya siku moja. Kama hela bado, maji chemsha kwa gesi, hapo unashusha ampea karibu 9 na 20 yako inapumua. Na draya na birika visikae kwenye ekstensheni moja, plagi moja ina fyuzi ya 13 ndani na hivyo viwili pamoja ni 17.

Fundi, nilitoboa ukuta juu ya soketi nitundike TV, pakatoka cheche na breka ya soketi ikashuka. Nikiipandisha inapiga tak inarudi chini hapo hapo, haikubali kabisa. Jirani kaniambia niishikilie juu kwa nguvu kidogo au niifunge na selotepu. Nifanyeje? — Kijana wa Tegeta

Acha kuipandisha kijana, hata mara moja zaidi. Inayoshuka papo hapo na kupiga tak ni shoti, laivu imegusana na niutro au ethi, na hapo ndani ya breka kuna koili ya sumaku inayovuta kwa haraka mno, haisubiri joto. Kila unapopandisha unapiga shoti upya pale kwenye tundu lako, na cheche inakula shaba. Kuishikilia haisaidii, zimetengenezwa hata ukiikamata kwa koleo ndani itaachia tu, selotepu itakachofanya ni kukudanganya kwamba imekaa.

Waya wa soketi mara nyingi unashuka wima kutoka darini mpaka kwenye soketi, ndo maana juu ya soketi au swichi kwa mstari ulionyooka huwa hatutoboi. Iache hiyo breka chini, bandika karatasi iliyoandikwa USIWASHE maana kuna mdogo wako au dada wa kazi atapita hapo, na kabla hujagusa huo ukuta zima na swichi kubwa. Kama skrubu bado imo iache humo humo, usiichomoe mpaka fundi afike, itamwonyesha waya ulipo bila kubomoa ukuta mzima. Atafungua kipande cha plasta, atakata pale palipoumia na kuunga vizuri ndani ya boksi lenye kifuniko, siyo kuzungushia tepu na kufukia na simenti, kisha apime na mega ndo apandishe. TV isogeze kama sentimita thelathini kulia au kushoto kwa huo mstari wa wima wa soketi, hapo toboa.